Kona ya Mtoto

Mgeni akifika kwetu, kitu cha kwanza anachopewa ni ufunguo uliofungwa kwenye gunzi la hindi. Shangazi alianza mtindo huo baada ya funguo nyingi kusafiri mifukoni mwa watu. "Gunzi haliingii mfukoni," husema, "na likiingia, mwenyewe atatembea kama ana jipu." Mgeni akishacheka, Shangazi anamketisha barazani, anampa maji ya kunywa, na anaanza kumsimulia habari za mji wetu, atake asitake.

Mji wenyewe ni mtaa mmoja mrefu. Kuna ghala la mazao, mashine ya kusaga, shule, zahanati, maduka yaliyobanana, na mashamba yanaanza pale nyumba zinapokoma. Hakuna anayekuja huku kustarehe. Wanakuja wanunuzi wa mahindi, mafundi wa trekta, walimu wapya ambao hawajapata pa kukaa. Wote hulala kwetu kwa sababu hakuna kwingine. Nyumba yetu ndiyo ya kwanza ya matofali katika mji huu, na wakulima walioijenga hawakujijengea wenyewe. Wao walikuwa kwenye vibanda vya nyasi. Nyumba ilikuwa ya bwana shamba, mkaguzi aliyekuwa akija kutazama kama wanalima inavyotakiwa. Kwa hiyo mji wetu ulimjengea mgeni kabla haujajijengea wenyewe. Huwa nalifikiria sana jambo hilo ninapotandika vitanda.

Babu yangu, baba wa Shangazi, ndiye aliyepewa kuitunza, na wakaguzi walipoacha kuja ikabaki mikononi mwake. Shangazi akaifanya nyumba ya wageni. Mimi nililetwa nilipomaliza darasa la saba, nikae kidogo, nimsaidie kufua mashuka. Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo.

Habari ambayo Shangazi hakuacha kuisimulia ni ya barabara. Babu ndiye aliyelima mstari wa kwanza, kwa plau na maksai wawili. Upande huu wa mstari yangekuwa makazi, upande ule mashamba. Watu wakawa wanatembea kando ya ule mstari, ikawa njia, njia ikapanuka ikawa barabara. Barabara yetu imenyooka kutoka ghalani mpaka mtoni, isipokuwa mbele ya nyumba yetu. Hapo ilikuwa inajikunja ghafla, inapinda kwa nje kama mtu anayekwepa dimbwi, halafu inarudi mahali pake. Katikati ya mkunjo na baraza letu palikuwa na lundo la mawe.

"Hapo amelala mtoto," Shangazi alikuwa akisema, na sauti inashuka. "Mtoto wa mmoja wa wale wa kwanza. Alifariki kabla hawajapanda hata punje. Baba yangu alipofika hapo na plau, akasema, siwezi kumpitia mtoto. Akazunguka."

Wageni walinyamaza. Wengine walivua kofia. Pakaitwa Kona ya Mtoto, na kila mwaka kabla ya mavuno kazi yangu ilikuwa kuyapaka chokaa yale mawe yang'ae. Nilifanya hivyo bila kuambiwa mara mbili. Hapo mwanzo, nilipokuwa mgeni na simjui mtu, nilikuwa namsalimia yule mtoto na kumpa habari zangu huku napaka. Nilijua hajibu. Lakini anayesikiliza bila kukatiza ni mtu wa kushukuru.

Kona hiyo haikuwa na huruma kwa magari. Malori ya mahindi yalikuwa yakiifikia na mzigo uliopitiliza, yanayumba, mengine yanalala kabisa. Fundi baiskeli wetu, anayefanya kazi pembeni mwa baraza, aliangukiwa na magunia hapo akiwa na pampu mkononi. Mguu ukakatwa. Tangu hapo anasimama akiegemea gongo lake kama baiskeli iliyosimamishwa kwa stendi, na watu wakamwita Stendi. Jina hilo alijipa mwenyewe kabla watu hawajampa baya zaidi.

Mwaka jana akaja mpima barabara. Kijana mtaratibu, anakunja neti yake mwenyewe asubuhi, jambo ambalo wageni wachache hufanya. Siku ya kwanza alikula mayai yake, akatoka na nyundo, tukasikia anapigilia. Shangazi akachungulia. Kigingi chenye rangi nyekundu kichwani kilikuwa kimesimama kwenye ngazi ya baraza letu.

"Mwanangu, hicho kigingi kimepotea njia?"

"Hakijapotea, mama. Barabara ndiyo ilipotea. Sasa inanyooshwa."

"Inyooke ipite wapi?"

Akaonyesha kwa mkono. Mkono ulipita juu ya lundo la mawe, ukapita baraza, ukakata vyumba viwili vya mbele. Stendi alikuwa anaziba pancha. Akasema bila kuinua kichwa, "Bwana Vigingi, ukifika jikoni utuambie, tutoe sufuria."

Shangazi hakucheka. "Hapo kuna kaburi," alisema.

Nyundo ikashuka taratibu. Yule kijana akayatazama yale mawe meupe kana kwamba ndiyo kwanza yameota. "Kama ni kaburi hiyo ni habari nyingine, mama. Kaburi hatulipitii. Tutaiacha kona. Lakini sharti nipate mtu wa kunihakikishia ni la nani. Mtu aliyekuwepo."

"Waliokuwepo wamekwisha wote."

"Basi nitaanza na upande wa mtoni. Ukimpata, nitarudi hapa."

Siku hiyo Shangazi aliunguza mkate. Sijawahi kumwona akiunguza mkate. Vyumba vile viwili ndivyo vyenye madirisha makubwa, ndivyo vinavyopendwa, na barazani ndipo Babu alipokaa mpaka mwisho wake. Kiti chake bado kipo na hakikaliwi na mgeni. "Wakiibomoa mbele," aliniambia huku anakwangua mkate kwa kisu, "itabaki nyumba yenye mgongo tu. Nani analala kwenye nyumba isiyo na uso?"

Kabla wiki haijaisha, lori la mazao likasimama kwenye kona, na dereva akamshusha bibi kizee mmoja kwa heshima zote, na kikapu chake. Alikuwa mdogo wa umbo, ameshika fimbo ambayo hakuiegemea. Nikamkimbilia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Una chumba?"

"Vipo, Bibi. Unapenda kipi?"

"Chochote kinachotazama hiyo kona."

Nikampa cha mbele. Akaligeuza lile gunzi mkononi, akatabasamu, akasema mbegu hii ilikuwa ya punje nyembamba, siku zao walikuwa na ile nene. Shangazi alipotoka jikoni wakatazamana. Bibi akamshika kidevu kama anakagua ndama. "Wewe ni binti yake. Nimekubeba mgongoni wewe, na ulikuwa mzito."

Ikajulikana kwamba marehemu mume wake ndiye aliyekuwa akiwaongoza maksai wa Babu. Babu alishika plau nyuma, mume wake alitangulia na kamba mbele. Mumewe alipofariki, alihamia mbali kwa binti yake. Sasa alitaka kuuona mji mara moja zaidi kabla miguu haijamgomea. Shangazi alinitazama juu ya kichwa cha Bibi, na uso wake wote ulikuwa umefunguka. Aliyekuwepo alikuwa amepatikana.

Mchana nikamtembeza Bibi, kama ninavyowatembeza wageni. Ghala, mashine, shule. Mwisho nikamfikisha kwenye mawe, na nikasimulia kama Shangazi anavyosimulia, na sauti nikaishusha pale inapotakiwa kushuka. Nilipofika kwenye "siwezi kumpitia mtoto", Bibi alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Nikamshika mkono. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya lile lundo la mawe.

Sikupendezwa. "Bibi, unakaa juu ya mtu."

"Mtu gani, mwanangu? Haya ni mawe ya shamba. Tuliyaokota kwenye udongo tukayatupa hapa, kwa kuwa hapa ndipo hapakulimwa." Akajipangusa macho kwa ncha ya khanga. "Bado mnaisema habari ya mtoto? Nilidhani mlishaicheka ikaisha."

Kisha akanieleza, na nilimsikiliza nimesimama.

Mmoja wa wale maksai alikuwa na chongo. Jicho lake la ndani, la upande wa makazi, halikuona, kwa hiyo ukimwachia tu, alivutia nje, upande wenye mwanga. Ndiyo maana mumewe alitangulia na kamba, hakutakiwa kuiachia hata kidogo. Walikuwa wameoana karibuni. Bibi alikuja na kibuyu cha maji. Mumewe akageuka kumpokea. "Na hakupokea haraka," Bibi alisema. "Alisimama kunitazama. Nilikuwa natazamika, usinione hivi." Kamba ikalegea. Maksai mwenye chongo akashika njia yake, mwenzake akamfuata, Babu huko nyuma anapiga kelele na plau inamburuta. Mpaka waliporudishwa kwenye mstari, kona ilikuwa imeshazaliwa.

"Kesho yake bwana shamba akaja kukagua. Amri yake ilikuwa mstari unyooke, ukipinda unafukia wote unaanza upya. Na mvua ilikuwa imeshakusanyika juu pale. Tukifukia, tunakosa msimu. Akauliza, hapa pamekuwaje? Sote kimya. Babu yako akasema, kuna kaburi la mtoto. Yule bwana akavua kofia, akapita. Tukapanda. Tukala." Akapiga jiwe kwa fimbo. "Halafu ilipofika kumjengea nyumba, ikajengwa hapa hapa, ndipo palipobaki wazi. Akalala hapa miaka yote, jirani na marehemu ambaye hayupo, na kila akija, kofia mkononi."

Nilitaka kucheka naye. Ilichekesha, nakiri. Lakini kuna kitu kilinitoka. Nilikuwa nimemjua yule mtoto. Nilikuwa nimeshamfikiria amevaa nini, na ni wa umri gani, na kwamba angekuwa mtu mzima sasa mwenye shamba lake. Mikono yangu ilikuwa imechubuliwa na chokaa yake. Na sasa hakuwa hata amekufa.

Bibi aliacha kucheka aliponitazama. "Nimekuvunjia kitu," alisema.

"Hapana, Bibi." Kisha nikamwambia habari ya kigingi.

Sikumficha Shangazi. Nilimngoja amalize kukanda unga, kwa sababu akiwa na unga mikononi hupenda kuutupa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanawa. Akaenda chumbani kwa Bibi, nami nikafuata na chai, nikabaki mlangoni na sinia.

"Baba yangu hakuwa mwongo," Shangazi alisema.

"Alikuwa mkulima, na mvua iko juu. Siku ile sote tulikuwa waongo, mwanangu. Hata wewe mgongoni mwangu ulinyamaza."

"Aliniambia mimi mwanawe. Mpaka anazeeka, ananiambia mimi."

"Angekuambia nini? Kwamba mstari wa kwanza wa mji mzima aliupinda? Mtu anayeshika plau, ni bora aonekane amezika kuliko aonekane amepinda." Bibi alisogea kitandani, akapigapiga godoro ili Shangazi akae. Shangazi hakukaa.

"Mama," alisema, na sikuwa nimewahi kumsikia akimwita mtu mama kwa sauti ile, "kesho yule kijana atakuuliza. Sema neno moja tu. Sema yupo. Hakuna atakayedhurika."

Bibi aliiegemeza fimbo yake ukutani. Chai ilikuwa inapoa mikononi mwangu.

"Mimi nimezika watoto," alisema. "Si mmoja. Najua walikolala, najua na udongo wake ulikuwa wa rangi gani. Nikisema yupo, itanibidi nimfanyie uso. Siwezi, mwanangu. Hilo tu siwezi kukuazima." Halafu akaongeza, "Lakini sitakuchongea. Akiniuliza, nitanyamaza. Mimi ni mzee, atadhani sisikii. Wewe sema utakalo."

Asubuhi tulikuwa wote pale. Mpima barabara na kigingi kingine mkononi, Bibi na fimbo yake, Shangazi aliyevaa kitenge cha kutokea, mimi na ndoo ya chokaa kwa sababu msimu ulikuwa umekaribia na Shangazi alikuwa amenituma nipake. Stendi alijikokota akasogea kusikiliza.

"Bibi, shikamoo. Nasikia ulikuwepo," yule kijana alianza. "Hapa alizikwa nani?"

Bibi alitazama upande wa mtoni. Kijana akauliza tena kwa sauti zaidi. Bibi akatabasamu kama mtu anayesikia ndege.

"Hasikii," kijana akasema. Stendi akadakia, "Andika langu basi, Bwana Vigingi. Mimi mguu wangu ulibaki hapa. Kama hii kona ina marehemu mmoja wa uhakika, ni huo. Na hakuna anayeupaka chokaa."

Alisema kwa utani, kama kawaida yake, na yule kijana akacheka kidogo. Lakini nilimwona Shangazi akilitazama lile gongo. Amelipita kila siku akienda kufagia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alilitazama lote, kuanzia kwapani mpaka linapogusa vumbi.

Mpima barabara akanigeukia mimi. "Dada, wewe ndiye unayepaka haya mawe. Wewe unajua. Ni la nani?"

Nilijua jibu la kuiokoa nyumba. Lilikuwa jibu ambalo nimelitoa kwa wageni wengi, na wameliamini wote, na sauti yangu inajua pa kushuka. Nikamtazama Shangazi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Alichukua ndoo mkononi mwangu akaiweka chini.

"Usimuulize mtoto," alisema. "Niulize mimi." Akasimama mbele yangu. "Hapa hakuna mtu. Baba yangu alikuwa na maksai mwenye chongo."

Akasimulia yote. Mwanzoni sauti ilikuwa inamkwama, hasa pale pa kufukia na kuanza upya. Lakini Shangazi ni msimuliaji, hawezi kusimulia vibaya hata kwa kujikaza. Alipofika pa kofia, Stendi alikuwa amelishikilia gongo kwa mikono miwili asianguke kwa kicheko, na watu wa mashine ya kusaga walikuwa wamesogea. Bibi, ambaye hasikii, alimsahihisha mahali pawili.

Mpima barabara hakumpongeza wala hakumlaumu. Alisema, "Ahsante, mama," akapigilia kigingi chake kati ya mawe. Kikalia kama kigingi chochote.

Bibi aliondoka siku ya pili. Lori lilipokuwa linapakia aliniita nimpelekee maji pale kwenye kona. Nikamletea kwenye kikombe. Alisimama kwenye mkunjo wa barabara, akauliza mimi nilikuwa nimetokea upande gani, nikamwonyesha. Akasema, "Hapana, tokea kule, kwenye mashamba." Nikarudi, nikazunguka, nikaja kutokea mashambani na kikombe mikononi. Alinitazama nikija mpaka nilipofika. Akanywa yote. "Haya," alisema, "sasa wanyooshe." Akanirudishia kikombe, na pamoja nacho ufunguo na gunzi lake, alikuwa ameusahau kwenye kikapu.

Baraza lilibomolewa baada ya mavuno, na vyumba vile viwili. Shangazi alihamisha kiti cha Babu mwenyewe, hakumruhusu mtu. Yale mawe waliyavunjavunja wakayaweka chini ya barabara. Kwa siku kadhaa vipande vyenye chokaa vilionekana kati ya vingine, vyeupe upande mmoja, mpaka kifusi kilipovifunika. Mlango wetu sasa uko ubavuni. Wageni wamepungua kidogo. Wanaokuja, Shangazi anawaketisha uani na kuwasimulia habari ya maksai, na wanacheka kuliko walivyokuwa wananyamaza. Lakini hamtaji tena baba yake kama mtu aliyezunguka. Anamwita "mshika plau", na anatazama pembeni.

Malori yanapita moja kwa moja, hayapunguzi hata mwendo. Stendi amehamishia kazi yake upande wa pili, anasema anataka kuyaona yakikosa pa kuangukia.

Mimi hukaa mlangoni alasiri, mashuka yakikauka, nawatazama wanaotoka mashambani kwa miguu. Barabara imenyooka mbele yao, tupu. Wakifika mbele ya nyumba yetu wanapinda. Wanatoka nje kidogo, mmoja baada ya mwingine, na majembe mabegani na maongezi yao hayakatiki, wanapazunguka palipokuwa na mawe, halafu wanarudi barabarani. Sijawauliza kwa nini. Juzi nilikuwa nimebeba ndoo ya maji kutoka bombani, nina haraka, na nilipofika jikoni ndipo niligundua kwamba na mimi nilikuwa nimezunguka.